Wikendi ya tano tisa: mashindano ya redio ya ridhaa na nafasi yake

Kila mwaka, ikifika wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, sisi watu wa redio ya ridhaa huku Pwani hugawanyika. Wako wanaozima redio Ijumaa jioni na kuziwasha tena Jumatatu, maana wanaona bendi, yaani mafungu ya masafa yetu, zimevamiwa. Na tuko sisi tunaokula mapema siku hiyo, tukalala, tukaamka kabla ya saa tisa usiku. Saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumamosi kwetu ndiyo saa sita kamili ya usiku kwa saa za dunia, na hapo ndipo mashindano ya CQ World Wide yanapofunguliwa. Hayasimami hadi saa 48 zitimie.

Nimekaa kundi hili la pili kwa miaka mingi, na bado nawaelewa wenzangu wanaozima. Nayaandika haya kwa sababu kila anapotujia mtu mpya na leseni yake mkononi, swali huwa lilelile: haya mashindano yana maana gani, na mtu ayape nafasi kiasi gani? Jibu langu limetokana na kukaa kitini, kwa hiyo nitaeleza nilivyoyaona.

Kwa ambaye mambo haya ni mageni kwake: redio ya ridhaa ni ile ya mtu binafsi aliyefanya mtihani, akapewa leseni na serikali (kwetu Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano), akapewa na kolsaini yake (jina lake la hewani, la herufi na tarakimu), na sasa anaruhusiwa kurusha mawimbi katika masafa yaliyotengwa, bila kulipwa. Redio ya wati 100, waya uliotundikwa juu, na mtu anazungumza na Japani bila mnara wa kampuni wala bando. Wengi wetu siku za kawaida tunapiga soga, tunajaribu antena, tunasikilizana hali ya hewa.

Mashindano yanabadilisha mwendo huo. CQ World Wide ilianza mwaka 1948, na kanuni yake kubwa ni nyepesi: katika muda uliowekwa, wapate watu wengi kadiri unavyoweza, wa nchi nyingi na maeneo mengi. Dunia imegawanywa maeneo 40. Kila mnapokutana hewani mnapeana kolsaini, ripoti ya jinsi unavyomsikia mwenzako (tano tisa ndiyo ya juu), na namba ya eneo lako, basi. Sisi Kenya, pamoja na Tanzania na Uganda, tuko eneo la 37. Mwisho unajumlisha pointi za mawasiliano yako yote, kisha unazizidisha kwa idadi ya nchi na maeneo uliyoyapata katika kila bendi. Bendi ziko sita, kuanzia mita 160 hadi mita 10.

Ni hilo la kuzidisha linaloipa nchi kama yetu uzito. Mtu aliyeko Ujerumani ana majirani chungu nzima wa kuzungumza nao. Lakini Kenya akiipata mara moja katika bendi moja, hesabu yake yote inapanda, na atataka kuipata tena katika bendi ya pili na ya tatu. Siku ya kawaida naweza kuita nusu saa nzima nisijibiwe na mtu. Wikendi ile, nikitaja "Five Zulu Four", mwanzo wa kolsaini yangu ya Kenya (5Z4), mara mbili tu, masafa yanajaa watu wananitafuta mimi. Sikuwahi kufikiri kwamba uchache wetu ungekuwa mali, na nimeona vijana wakivutwa na redio kwa jambo hilo peke yake: kwamba mtu wa Kilifi anahitajika, na anayemhitaji yuko upande wa pili wa dunia.

Kwanza kabisa mashindano yamenifanya nimalize kazi. Mtu wa redio ana mambo elfu anayosema atayafanya kesho. Plagi ya kebo iliyoanza kuliwa na chumvi ya bahari, waya uliofungwa kwa muda tangu mwaka juzi, betri isiyoshika chaji. Tarehe ya mashindano haisogei. Ikifika katikati ya Oktoba mimi huwa nimeshashusha kila kitu chini, nimekata ncha za kebo zilizogeuka kijani, nimelehemu upya, nimefunga kwa mpira na utepe ili hewa ya bahari isipenye. Hakuna kitu kingine kinachonilazimisha kufanya hivyo kwa wakati.

Antena zangu ni za waya, nusu ya urefu wa wimbi. Hesabu yake tunaijua kwa moyo: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu kwa mita. Kwa bendi ya mita 20 waya ni kama mita 10, kwa mita 15 ni chini kidogo ya mita 7, kwa mita 10 ni mita 5. Nguzo zangu ni minazi, na anayepanda si mimi. Ni mkwezi wa mtaani kwetu, mzee aliyepanda minazi kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha minazi miwili niliyoichagua kwa kipimo cha umbali. Aliitazama kwa muda, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, minazi hii haiyumbi pamoja. Huu uko wazi kwa upepo, ule umekingwa na mwembe. Ukikaza kamba yako, itakatika."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Iache icheze. Vyombo vya baharini havina kapi?"

Basi tukafunga kapi juu ya mnazi mmoja, kamba ya nailoni ikapita ndani yake, na ncha ya chini ikafungwa dumu la lita tano lililojaa mchanga. Mnazi ukiinama dumu linapanda, ukisimama dumu linashuka, na waya unabaki umenyooka. Wikendi ile ya Oktoba kwa kawaida kusi imelegea na kaskazi bado haijaingia, lakini mfumo huo umestahimili hata dhoruba za miezi mingine. Vitabu vya antena vinaeleza habari ya uzito na kapi. Mimi nilifundishwa na mzee mwenye panga kiunoni.

Kubwa kuliko antena ni masikio. Asiyewahi kukaa upande wa anayeitwa hawezi kujua ilivyo. Watu mia wanataja kolsaini zao kwa wakati mmoja, juu ya masafa mamoja, na unachosikia ni ngurumo tupu. Kazi yako ni kutoa jina moja humo, lote, bila herufi iliyopotea, kisha lingine.

Nitaeleza dakika moja tu. Ni jioni ya Jumamosi, saa moja imepita, bendi ya mita 10 imefunguka kuelekea Marekani. Binti ya dada yangu yumo chumbani, amekaa kwenye kompyuta. Hana leseni bado, kwa hiyo kuongea ni kwangu na kuandika ni kwake. Ukutani kuna ramani ya maeneo yote 40. Wa pwani ya mashariki ya Marekani, eneo la 5, wanaingia kwa nguvu kama wako Mtwapa. Katikati ya makelele yao nasikia kitu chembamba kinasema "Kilo Seven", mwanzo wa kolsaini ya Kimarekani (K7), halafu kinazama.

"Kilo Seven peke yake, rudia," nasema.

Wanajibu watu wanne, na hakuna hata mmoja mwenye Kilo Seven. Mmoja wao ana sauti ya kutikisa spika. Ni rahisi sana kumpokea huyo. Pointi ni zilezile tatu za bara lingine na saa inakwenda.

"Mjomba, namba saba ni huko magharibi," binti ananiambia, kidole kiko kwenye ramani. "Eneo la 3. Hatujalipata kwenye bendi hii."

"Kilo Seven peke yake. Wengine subirini."

Mara ya tatu wengi wananyamaza. Yule mwembamba anatoka, herufi moja, ya pili, na ya tatu inazama tena. Nairudia kolsaini yake nilivyoisikia, anasahihisha herufi ya mwisho, naisema tena yote, anasema ndiyo. Eneo la 3 limeingia kwenye logi, daftari letu la mawasiliano. Kisha jambo la ajabu: makelele yanapungua. Waliokuwa wanapiga kelele wameona kwamba hapa sauti kubwa hainunui zamu, wakaanza kungoja. Kwa nusu saa iliyofuata tulikwenda kwa kasi ambayo hatukuwa nayo mwanzoni.

Mambo mawili niliyatoa hapo na nimeyatumia kila mahali tangu siku hiyo. Ukimtaja mtu, mpokee huyo uliyemtaja, hata kama mwingine anasikika vizuri zaidi. Na usiandike usichokisikia. Hilo la pili mashindano yenyewe yanalisimamia kwa ukali. Logi inatumwa ndani ya siku tano, waandaaji wanailinganisha kwa kompyuta na logi za wale wote uliosema ulizungumza nao, na kolsaini iliyoandikwa vibaya inafutwa, tena na adhabu ya pointi juu yake. Kukisia kunakugharimu kuliko kukosa. Sijui shule nyingine ya kusikiliza inayokusahihishia daftari lako mstari kwa mstari namna hiyo.

Mtu aliyenitia katika redio, rafiki wa marehemu baba yangu ninayemwita Ami, hakuyapenda mashindano kabisa. Ami alikuwa afisa wa redio melini, mtu wa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, miaka yote hadi tarehe 1 Februari 1999, mfumo mpya wa usalama wa baharini ulipoanza kazi kikamilifu na meli zikaacha kulazimika kubeba mtu kama yeye. Kwake ripoti ni neno la amana. Namba ya kwanza inaeleza unavyomwelewa mwenzako, moja hadi tano. Ya pili inaeleza nguvu yake, moja hadi tisa. Melini watu waliamua mambo kwa ripoti kama hizo.

"Unamwambia mtu tano tisa," aliniuliza siku moja, "kisha unamwomba arudie jina lake mara tatu. Tano tisa gani hiyo?"

Hoja yake haina jibu, na sijawahi kujaribu kumjibu. Katika mashindano kila mtu anapewa tano tisa, awe anavuma au anazama, kwa sababu kila mtu akipewa ileile hakuna muda unaopotea kuiandika. Habari ya kweli iko kwenye kolsaini na namba ya eneo. Lakini nakubali kwamba kijana akianzia hapo na kuishia hapo atatoka hajui ripoti ni nini. Kwa hiyo kwangu hakuna anayeshika kipaza sauti wikendi ile kama hajakaa nami siku za kawaida akatoa ripoti za haki: tatu tatu kama ni tatu tatu.

Ami nilimpata kwa mlango mwingine. Mashindano yana nusu yake ya pili, ya Morse, wikendi kamili ya mwisho ya Novemba. Nilimwomba aje asikilize tu usiku, bendi ya mita 80, ambayo huku kwetu karibu na ikweta hujaa mipasuko ya radi za mbali kiasi kwamba mimi huiacha. Alikuja na penseli yake. Akavaa hedifoni, akafunga macho. Baada ya muda akaanza kuandika, herufi za kuchorwa taratibu, huku mimi nikisikia mipasuko tu. Nilimwuliza anasikiaje.

"Radi haina mdundo," alisema. "Mtu ana mdundo. Fuata mdundo."

Tangu hapo kiti cha usiku cha Novemba ni chake. Hapendi bado kuitwa mshindani. Na ana sharti moja analolishikilia: hamtumii mtu Morse kwa kasi kuliko aliyoitwa nayo. Akiitwa polepole na mwanafunzi wa mahali fulani, anajibu polepole, pointi zikae huko ziliko. Nimeona mashindano yakiwafanya watu wawe na pupa, na nimemwona Ami akiyafanya yawe ya adabu bila kupunguza alichopata.

Sasa upande wenye kasoro, ambao mimi ndio unaoniuma zaidi. Tazama hesabu ya pointi. Nikizungumza na bara lingine napata pointi tatu. Nikizungumza na nchi nyingine ya bara langu, yaani Dar es Salaam au Kampala, napata moja. Nikizungumza na Mkenya mwenzangu, sifuri; ananihesabia nchi na eneo mara moja katika bendi, basi, baada ya hapo hana faida kwangu. Kanuni hii ilitungwa ili watu watafute mbali, na kwa lengo hilo inafaa. Lakini mtu akishiriki miaka mingi antena zake zote zinageuka kuelekea mbali, na masikio vilevile. Anajua saa ambayo mita 15 inafunguka kwenda Japani asubuhi, lakini hajui kama anaweza kumfikia mtu wa Lamu.

Muscat, mji mkuu wa Oman, iko Asia, kwa hiyo ni pointi tatu. Wikendi moja nilijibiwa na mtu wa huko, tukapeana tano tisa zetu, naye akamalizia kwa Kiswahili: "Njoo kumi na nane baadaye." Megahezi 18 ni mojawapo ya bendi tatu zilizotolewa kwa redio ya ridhaa na mkutano wa dunia wa mwaka 1979, na watu wamekubaliana kwamba humo hamna mashindano. Mchana wa Jumapili, bendi ilipopungua kidogo, nilihamia huko nikamkuta. Mama yake alizaliwa Unguja. Tulizungumza habari za biryani, za marehemu Sultan Qaboos ambaye naye alikuwa mtu wa redio, kolsaini yake A41AA, na za ndugu zake walioko Malindi. Wanaozima redio Oktoba nawaambia hilo: bendi hizo tatu zipo, ziko wazi wikendi nzima, na wageni wa mashindano wanaohitaji kupumzika huwa huko.

Lakini Muscat ni pointi tatu na Malindi ni sifuri, na ilikuwa mvua za El Niño zilizonifanya nilitazame jambo hilo vizuri. Novemba 2023 daraja la Mbogolo lilisombwa na barabara ya Mombasa kwenda Malindi ikakatika. Simu zilikuwa zinafanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji redio yangu. Ila niliwasha, nikajaribu kumwita mwenzangu wa upande wa pili wa mto, na nikaona kwamba kituo nilichokijenga kwa ajili ya Marekani na Japani kinamruka jirani. Waya ulioko juu sana unapeleka nguvu nyingi kwenye upeo wa macho. Ili kumfikia mtu wa kilomita 50 au 200, mawimbi yapande juu karibu wima, yagonge anga, yashuke. Waya wa mita 20 kwa bendi ya mita 40, ukiwa chini kuliko kawaida, unafanya hivyo mchana bila shida.

Marekani wana siku yao ya Field Day tangu mwaka 1933, wikendi ya Juni, ambapo watu hubeba redio hadi uwanjani na kurusha kwa betri na jenereta kana kwamba stima imekatika nchi nzima. Inafanana na mashindano, ina pointi pia, lakini nia yake ni kujiweka tayari. Sisi ni wachache mno kwa kitu kama hicho. Tulichofanya ni kidogo: Jumapili inayofuata baada ya mashindano ya Oktoba, kabla vitu havijaanza kulegea, tunakutana saa nne asubuhi kwenye mita 40. Betri tu, stima imezimwa. Kila mmoja anatoa ripoti ya haki, anatuma ujumbe mfupi wa kuandikwa, na anayepokea anausoma tena neno kwa neno. Hapo ndipo nilipoyaona mashindano yakilipa. Wale waliokaa kitini wikendi iliyopita wanapokea ujumbe mara moja, majina na idadi vikiwa sahihi, hawakatizani, wakikosa neno wanaliomba hilo tu, hawaombi ujumbe mzima. Binti ya dada yangu, anayejiandaa kwa mtihani wa leseni, ndiye mwandishi wetu, na Ami ndiye anayelinganisha karatasi za pande zote mbili mwishoni na kusema nani aliongeza neno lisilosemwa.

Mara ya mwisho Malindi alisikika tano saba, Lamu tatu tatu, na Voi hakusikika hadi tulipoushusha waya wangu kutoka juu ya mnazi hadi kama mita saba hivi. Mkwezi alilalamika kwamba nampandisha na kumshusha bure. Nikamweleza, akasema basi tuweke kamba ya alama, moja ya majirani na moja ya ng'ambo, ili dumu la mchanga lifungwe pale panapotakiwa bila mtu kupanda. Kamba hiyo sasa ina vitambaa viwili, chekundu na cheupe. Kwa sasa dumu liko kwenye cheupe, cha majirani, na Ami amenikumbusha kwamba kabla ya wikendi ya Morse ya Novemba liwe limehamishwa.